Mwaka Waliponipima Sukari kwa Salamu

Watu wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi sina neno baya la kumsema marehemu, wabaya ni waliobaki. Mwezi uliopita tulimzika Mama Mkubwa, mwenye nyumba wetu wa zamani, kule Itaka, kijijini kwao, pembeni ya mibuni yake, na mtu wa kwanza kunishika mkono pale msibani alikuwa Edson Silwimba. Amenenepa, kichwa kimeng'aa, amevaa koti lisilomtosha. Huyo ndiye aliyeua mashine yangu ya kupimia sukari, na jina lake nimeliandika lote makusudi, ili wajukuu zake wakijifunza kusoma walikute hapa. Akaniambia, "Kaka Jairosi, pole sana kwa msiba. Habari za siku nyingi?" Nikamwambia habari gani anazitaka, mwuaji wa mashine mkubwa yeye. Akacheka mpaka akashika ubavu, akawageukia waombolezaji waliokaa kwenye mkeka akawaambia, "Msimshangae. Akitukana hivi ujue sukari yake iko sawa." Wale wa Itaka wakatuona wote wawili wendawazimu. Wazee wa Tunduma waliokuja na basi moja nasi, wao walielewa, na mama mmoja alicheka mpaka akajifunika khanga usoni, ikabidi wenzake wafanye kama analia.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha kupigwa pasi aende kwa walimu. Habari za baba na mama pia sitaziandika, hazikunisaidia kitu kwenye ugonjwa huu. Nitaandika mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na tisa, wakati Tunduma bado tunahesabiwa Mbeya na foleni ya malori inafika mpaka Chapwa. Nina uchungu na watu watatu kwa ajili ya mwaka ule, nao nitawataja kila mmoja kwa zamu yake. Lakini kitu kinachonikera kuliko hao watatu ni kwamba nikiukumbuka mwaka wenyewe, nacheka. Nimejaribu kuukumbuka kwa hasira, kama unavyostahili, nikashindwa.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa mtaa wa Majengo, vyumba sita vimezunguka uwanja wa saruji iliyopasuka, bomba moja lenye kufuli, choo kimoja, na jiko la wote lililoezekwa mabati ya zamani yaliyopiga kutu. Jina lake la kubatizwa lilikuwa Eliza, ila hakuna mpangaji aliyethubutu kulitaja. Mimi nilikuwa chumba cha tatu. Nilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, meza yenye mguu mmoja mfupi, na sindano za aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndefu kama kalamu, za kushonea maturubai ya malori, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: unapanda juu ya mzigo pale foleni ilipo, jua linakupiga kisogoni, unashona palipochanika kabla gari halijasogea kuvuka kwenda Zambia. Za pili zilikuwa fupi na nyembamba, za insulini, asubuhi moja na jioni moja. Insulini yenyewe niliitunza kwenye chungu cha Mama Mkubwa, kimefukiwa nusu kwenye mchanga wa maji chini ya meza, kwa sababu friji hatukuwa nayo. Yeye ndiye aliyeumwagilia ule mchanga kila asubuhi kama mtu mwenye bustani. Hakuwahi kuniuliza chupa zile ni za nini. Alikuwa na desturi ya kuacha mtu aseme mwenyewe, na mimi nilikuwa na desturi ya kutosema.

Mashine yangu ilikuwa ndogo, inakaa kiganjani. Unachoma kidole, unagusisha tone la damu kwenye kijikaratasi chake, inahesabu, inakupa namba. Kwangu mimi kupata hilo tone ilikuwa kazi ya pili baada ya kazi, maana vidole vya mshona turubai vimeota sugu kama kwato. Nilitumia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndicho pekee kilichokuwa bado hakijajua kazi. Nilipima kabla ya kula na kabla ya kupanda juu ya lori. Nisipopima sikupanda. Juu ya lori kuna urefu wa watu watatu, sukari ikikushukia kule unafika chini kabla ya maombi yako.

Edson alikuwa chumba cha nne. Alikuwa akinunua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji wa kule Mkwajuni na kuja kuiuza Tunduma, na alikuwa na mizani ndogo ya kupimia, ile ya betri ya duara kama kitufe. Jumapili moja niko bombani nafua, mizani yake ikamzimikia na mteja amekaa anasubiri. Edson akakumbuka kwamba mashine yangu inakula betri ya namna ile ile. Akaingia chumbani kwangu, maana mchana hatukuwa tunafunga milango, akang'oa kifuniko kwa ncha ya kisu, akachukua betri, akapima dhahabu yake, akairudisha. Angeishia hapo ningekuwa na mtu mmoja pungufu wa kumchukia. Lakini kisu kilikuwa kimevunja kile kiulimi cha bati kinachoishika betri, ikawa inachezacheza. Sasa, kule machimboni tochi ikikataa kuwaka wana dawa yao: wanakunja ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wanaichomeka nyuma ya betri, tochi inawaka, wanaendelea na shimo. Edson akaitibu mashine ya damu kama tochi ya shimoni. Nilipoibonyeza jioni ilitoa mwanga mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza moja kwa moja. Nilitoka nayo nje kiganjani. Edson alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba anakula muhindi wa kuchoma. Aliitazama mashine, akautazama muhindi, akasema, "Kaka, niliazima betri tu. Dakika tano." Siwezi kuandika nilichomjibu. Ilitosha Mama Mkubwa kufunga dirisha lake.

Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni Sichone, mwenye duka la dawa kule stendi. Nilimpelekea ile maiti, akaigeuzageuza, akaniambia mashine hizi huwa hazifi, mimi ndiye nimeiua. Za namna ile hana, ila ataagiza Dar es Salaam, wiki mbili. Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikazunguka maduka mpaka miguu ikawaka, nikakuta mashine za kampuni nyingine ambazo zilikataa vijikaratasi vyangu, na vijikaratasi vyake vyenyewe havikuwepo. Kwa hiyo mimi nilikuwa na maboksi mawili ya chakula cha mashine iliyokufa, na wao walikuwa na mashine hai zisizo na chakula. Nikarudi kumsubiri Sichone. Kila Jumatatu nilisimama mbele ya kaunta yake, kila Jumatatu akaniambia iko njiani.

Pale kituo cha afya kulikuwa na muuguzi tukimwita Sista Tumaini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Yeye hakunipa pole. Aliniambia dozi ni ile ile, chakula ni kile kile, saa ni ile ile, nisiongeze hata tone kwa kubuni. Jumanne na Ijumaa niende anipime kwa mashine ya kituo. "Siku nyingine zote mwili ndio utasema," akaniambia. "Na waambie unaoishi nao, Jairosi. Ikianza kushuka, wewe mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua." Nikaitikia ndiyo Sista, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu. Nilijiona mwanaume. Nilikuwa natembea na soda mfukoni na kiburi kifuani, na kati ya hivyo viwili nilikuwa nakitumia kiburi zaidi.

Lazima nieleze hapa kwamba mimi si mtu wa maneno matamu. Pale uwanjani salamu yangu ya kawaida ilikuwa mguno. Mtu akiniuliza nimeamkaje, nilimuuliza yeye ni daktari. Nilikuwa nimeshagombana na vyumba vyote sita, changu kikiwemo. Basi wiki ya tatu bila mashine, saa kumi alasiri, nikarudi kutoka kazini. Haya nayasimulia kama nilivyosimuliwa, maana mimi nayakumbuka kama mtu anayeangalia chini ya maji. Wanasema niliingia getini polepole, nikachuchumaa mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua mboga, nikapiga makofi ya adabu, yale ya kusalimia wakwe, nikawaamkia mmoja mmoja. Nikamwambia mpangaji wa chumba cha kwanza kwamba watoto wake wana tabia nzuri sana. Nikamshukuru Edson kwa ujirani mwema. Halafu nikachuchumaa tena nikampigia makofi jogoo, nikamuuliza habari za nyumbani.

Wengine walidhani nimeokoka. Mama Mkubwa ndiye aliyeweka ungo chini. Alisema, "Huyu si Jairosi. Jairosi yuko wapi?" Akaja karibu, akanishika shingo, akakuta jasho la baridi kama la mtungi. Aliwahi kumwona mjomba wake Itaka akiwa hivyo, na yule mjomba walimwombea badala ya kumpa kitu kitamu, wakamzika. Akanitoa soda mfukoni, akaifungua kwa meno, akaninywesha kidogo kidogo huku amenishika kidevu, nami namwambia asante mama, usijisumbue mama. Ikapita kama robo saa. Nikafumbua macho nikamwona Edson amenikodolea, nikamuuliza anashangaa nini, mwizi wa betri, mbwa wa machimboni yeye. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama Mkubwa akakaa chini kwenye saruji, akasema, "Karudi."

Kesho yake alivaa viatu vya kanisani akanipeleka kwa Sista Tumaini kama mzazi aliyeitwa shule, akasikiliza somo lote mwenyewe, akauliza maswali niliyokuwa sijawahi kuuliza. Toka siku hiyo sikuwa tena na siri, nilikuwa na sheria. Sheria ilibandikwa mdomoni mwa kila mtu pale: Jairosi akisema tafadhali, mpe soda. Akisema samahani, mpe soda na umwite mwenzako. Akikuamkia wewe uliye mdogo kwake, usiulize, shika kidevu. Waliweka chupa ya maji ya sukari juu ya kizingiti cha jiko. Asubuhi natoka chumbani, nasikia kutoka kila mlango, "Umeamkaje, Jairosi?" na wote wanatulia wasikie jibu. Nikiwatukana wanaendelea na shughuli zao wameridhika. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa namna ile maishani. Mtu mwenye maneno matamu anasikilizwa na wengi, lakini mimi hapa nilikuwa nasikilizwa kwa maneno mabaya, na mkunjo wa uso wangu ulikuwa habari njema kwa watu kumi na tano.

Edson naye, kwa kulipia dhambi, akaleta ile mizani yake ya dhahabu jikoni. Sista alikuwa amesema chakula kiwe kipimo kimoja kila siku, na Mama Mkubwa alikuwa akiuliza kipimo hicho kinafananaje. Edson akakata ugali kwa kisu, akauweka kwenye kimfuko, akaupima kipande kwa kipande, maana mizani ilikuwa haibebi tonge zima, ameinamisha kichwa na kushikilia pumzi kama alivyokuwa akipima vumbi la Mkwajuni. "Punguza kidogo hapo," Mama Mkubwa anamwambia. Edson anachomoa punje ya ugali kwa ncha ya kisu, kile kile. Akina mama walikuwa wanakuja kutoka nyumba ya jirani kuangalia mtu anavyopimiwa ugali kwenye mizani ya dhahabu. Sista Tumaini alipoambiwa alisema hajawahi kuwa na mgonjwa anayekula kwa hesabu safi namna ile. Edson akajivuna wiki nzima. Sikumsamehe. Nilikula tu.

Kwenye jiko lile ndiko alikokuwa Loveness. Yeye alitoka ng'ambo, Nakonde, alikodi chumba cha sita na kupika chakula cha kuuzia madereva kwenye foleni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyeogopa kuchelewa, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kibemba. Aliniita ba Jairosi, kwa heshima ya kwao, ijapokuwa heshima nyingine zote alininyima. Alipika majani ya maboga kwa karanga zilizotwangwa, na kapenta, wale dagaa wa Zambia, aliowakaanga mpaka wanavunjika ukiwatazama. Nikimwambia ugali wake mgumu unaweza kuziba pancha, ananijibu kwamba basi ndiyo saizi ya kichwa changu. Tuliishi hivyo kwa raha sana.

Wa tatu kati ya wabaya wangu ni Kibona, aliyekuwa bosi wetu wa maturubai. Kibona alijua kwamba saa saba lazima nile. Nilimwambia mimi, Mama Mkubwa akaenda kumwambia tena. Siku moja kule Chapwa kulikuwa na lori linaloharakishwa, na Kibona akasema nimalizie mshono kwanza, chakula hakikimbii. Saa saba ikapita, ikaja saa nane. Nikaanza kumwita bosi. Nikamwambia samahani bosi, nitajitahidi bosi, ni heshima kwangu kufanya kazi na wewe bosi. Yule mtu, badala ya kushtuka, alifurahi. Aliwaambia wenzangu kwamba hatimaye Jairosi amejua wakubwa ni nani. Alikuwa bado anafurahia nilipoteleza kutoka juu ya mzigo, na kilichoniokoa mifupa ni rundo la maturubai yaliyokunjwa pale chini. Kibona akasema nimelewa, niachwe kivulini nilale.

Loveness alikuwa anapita na ndoo zake za chakula, gari baada ya gari. Alisikia sauti yangu chini ya lori inamwambia mtu asiyekuwepo, "Karibu sana, samahani kwa usumbufu." Ananiambia mpaka leo kwamba miguu yake ilikimbia kabla kichwa hakijaelewa. Alininyanyua akaniegemeza kwenye tairi, akahakikisha nameza, akaninywesha chai ya dereva yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na katikati ya kunywesha alikuwa akimwambia Kibona maneno ya Kibemba ambayo hakuna aliyetaka kuyatafsiri. Nilipopata akili, kitu cha kwanza nilichoona ni vidole vyake vina unga wa karanga, vimeshika kikombe, vinatetemeka. Sijui nieleze vipi. Mtu aliyenijibu vibaya kila siku alikuwa anatetemeka kwa ajili yangu. Nikataka kumtukana kama kawaida, ajue nimepona. Nikamtukana, lakini sauti ilitoka vibaya.

Hapo ndipo mateso yalipoanza, na ni mateso ya kuchekesha. Nilitaka kumwambia Loveness jambo, na jambo lenyewe haliwezi kusemwa kwa matusi. Siku ya kwanza nilimwambia jikoni kwamba majani yake ya leo ni matamu. Akaweka mwiko chini, akaniangalia machoni, akakoroga vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe. Nikamwambia niko sawa. Akasema, "Awe, ba Jairosi. Ukishuka huwa unasema hivyo hivyo," na awe kwao ni hapana. Na ni kweli, nikishuka huwa nakataa, na nisiposhuka nikikataa nitatofautishwa vipi na aliyeshuka? Nikanywa. Siku ya pili nilimletea kitenge, akamwita Mama Mkubwa, wakanishika wote wawili. Siku ya tatu nilijitia moyo tukitoka Chapwa, tukafika kwenye kalavati, nikamwambia wazi kwamba nataka kumuoa. Alinikalisha juu ya kalavati, akanimenyea ndizi mbivu, akanilisha, akasimama mbele yangu akisubiri robo saa ipite. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Haya. Ulikuwa unasemaje?" Nilikuwa nimejaa ndizi na hasira. Nikamwambia sikuwa nasema kitu. Akaangalia pembeni, akabeba ndoo zake. Nikaona kitu kimepita usoni kwake ambacho hakikuwa mzaha.

Ijumaa Sista Tumaini alinipima, akaangalia namba, akapima tena. Sukari ilikuwa juu mno. Akaniuliza nimeanza kula nini, nami nikamwambia ukweli, kwamba kila nikimtongoza mwanamke napewa sukari. Alicheka mpaka akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa. Lakini alipomaliza kucheka hakuwa na mzaha. Alisema wakinipa pasipo haja naharibika macho na figo polepole, wakiacha kunipa penye haja nakufa siku hiyo hiyo, kwa hiyo wao wasibadilishe kitu. Nibadilike mimi. "Nyamaza mpaka mashine ije," akaniambia. "Mapenzi yanasubiri. Figo hazisubiri." Na wiki hiyo hiyo nikasikia kupitia ukuta, Loveness anaongea na Mama Mkubwa, kwamba mjomba wake wa Nakonde anamtaka ahamie Kasama akasimamie mgahawa wa ndugu yao, mwisho wa mwezi. Mama Mkubwa akamuuliza yeye mwenyewe anatakaje. Halafu Loveness akasema, "Kuna mtu alisema neno, Mama, ila sijui kama ni yeye aliyesema."

Sikutoka chumbani. Nilikaa kitandani na ile mashine iliyokufa mkononi.

Asubuhi yake Mama Mkubwa alibeba ungo wake na debe la maharage, akaenda dukani kwa Sichone, akaomba kiti, akaketi mbele ya kaunta na kuanza kuchambua. Wateja walimruka. Sichone akamwuliza anasubiri nini. Akamwambia anasubiri mashine ya mtoto wake, aliyoambiwa iko njiani, na kwa kuwa iko njiani haitachelewa. Akafanya hivyo siku tatu, anakuja saa ya kufungua na kuondoka saa ya kufunga, maganda anayafagia mwenyewe. Siku ya tatu Sichone alishindwa, akapiga simu Dar es Salaam mbele yake, kwa sauti, akaagiza. Ndipo tukajua. Miezi mitano nilisimama kwenye kaunta ile kila Jumatatu, na yule mtu alikuwa hajawahi kuagiza. Alisahau siku ya kwanza, akaona aibu siku ya pili, na baada ya hapo uongo ukawa ndiyo kazi. Nimemwandika hapa na sifuti.

Mashine ilikuja na dereva wa lori baada ya siku sita. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baridi ya Tunduma ile ya kuvaa koti juu ya koti, na wapangaji wote walitoka na viti vyao uwanjani kana kwamba kuna harusi. Edson aliambiwa akae mbali na mikono nyuma. Nikachoma kidole cha mwisho cha kushoto, nikakikamua, damu ikagoma kwanza, ikaja. Mashine ikahesabu. Mama Mkubwa, ambaye hakujua kusoma, aliniangalia mimi badala ya kuangalia kioo. Nikasoma kwa sauti, tano nukta tisa. Akauliza kama hiyo ni nzuri, Loveness akamwambia ni nzuri sana. Kisha Loveness akafuta mikono kwenye kitenge, kile nilichomletea, akachuchumaa mbele yangu akaishika ile mashine, akaiangalia namba mwenyewe mpaka ikazimika.

"Ba Jairosi," akasema, "siku ile pale kalavatini. Ulikuwa wewe, au ilikuwa sukari?"

Nikamwambia nilikuwa mimi.

"Basi sema tena."

Nikasema. Nilisema mbele ya vyumba vyote sita, kwa tafadhali na kwa samahani, nikapiga na makofi ya adabu, na hakuna aliyesogea kwenda kuleta soda. Nilimaliza maneno yote mazuri niliyokuwa nayo, hayakuwa mengi. Loveness alikuwa anaangalia saruji. Akasema, "Nimekubali. Sasa kula, umeshachoma sindano na viazi vinapoa." Mama Mkubwa akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku wa mtaa wa pili. Edson akaleta sahani, viazi vimeshapimwa, akaiweka magotini kwangu kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka kama aliyefiwa. Nilimtazama nikitafuta tusi la kumpa. Nilitafuta kweli, kwa muda mrefu.

Nikamwambia, "Asante, ndugu yangu."

Uwanja mzima ukageukia chupa ya pale kizingitini. Loveness akaniangalia usoni, akaichukua tena ile mashine, akasema, "Lete kidole."